"Kisa cha kweli" si uhalisia: yanayowapotosha wapenzi wa tamthilia za vita, ujasusi na uhalifu

"Yaya, nipatie serie ya vita, lakini ile ya kweli, ile ilifanyika." Ombi hilo halikauki Birere, hapa Goma. Mteja akishalisema, anageuza kasha la DVD na kutafuta maneno mawili tu: histoire vraie, yaani kisa cha kweli. Akiyakuta, analipa. Asipoyakuta, anarudisha kasha mahali pake, hata kama aliloshika ndilo bora kuliko yote kwenye rafu.

Dhana: ikiandikwa "kisa cha kweli", basi ni halisi.

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa zao. Maneno hayo yanakuambia kwamba watu fulani waliwahi kuishi. Hayakuambii kama kazi yao imeonyeshwa jinsi inavyofanyika. Uhalisia uko kwenye kazi: nani anaomba ruhusa kwa nani, karatasi gani inasubiri saini, nani anakesha ndani ya gari, na kati ya risasi, betri na subira, ni kipi kinaisha kwanza.

Chukua Narcos, misimu mitatu, 2015 hadi 2017. Majina ni ya kweli, picha za habari za zamani zimechanganywa humo, na Pablo Escobar, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya wa Kolombia, kweli aliuawa Medellín tarehe 2 Desemba 1993. Lakini msimu wa tatu unamweka Javier Peña, askari wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, mbele ya msako wa kundi la wauzaji wa Cali, kazi ambayo Peña mwenyewe hakuifanya. Escobar anaigizwa na Wagner Moura, Mbrazili aliyejifunza Kihispania kwa ajili ya nafasi hiyo, na Wakolombia waliitambua lafudhi yake mara moja. Inavutia, itazame. Ila usiisimulie mezani kama historia.

Hata Band of Brothers (2001, sehemu 10), ya askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, ambayo inastahili sifa zake zote, ina kosa la wazi. Mwisho wa sehemu ya tatu, maandishi yanasema askari Albert Blithe alifariki mwaka 1948. Alikuwa hai hadi 1967, tena aliendelea na jeshi. Basi uhalisia wake unatoka wapi? Waigizaji walipitishwa kwenye mafunzo ya kijeshi ya siku 10 chini ya Dale Dye, nahodha mstaafu, na unaona matunda yake katika sehemu ya pili, kwenye shambulio la Brécourt, Ufaransa, la tarehe 6 Juni 1944. Kundi moja linafyatua ili adui asiinue kichwa, jingine linasogea ndani ya handaki, mzinga wa kwanza unaharibiwa, kisha wanahamia wa pili. Hakuna shujaa anayesimama wima katikati ya uwanja. Hiyo ndiyo kazi.

Sasa linganisha na The Wire: misimu 5, sehemu 60, 2002 hadi 2008, polisi na wauzaji wa dawa za kulevya katika mji wa Baltimore, Marekani. Wahusika wake ni wa kubuni, na ndiyo halisi kuliko zote zilizotajwa hapa. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun. Ed Burns, mwenzake, alikuwa mpelelezi wa mauaji kabla ya kuwa mwalimu. Miaka ya 1980 Burns alinasa simu za mfanyabiashara wa dawa za kulevya, Melvin Williams. Baada ya kutoka gerezani, Williams huyo huyo aliigiza shemasi katika tamthilia hiyo.

Tazama msimu wa kwanza kwa makini. Polisi hawanasi simu siku wanayotaka. Sheria ya Marekani inawataka wamweleze jaji kwamba njia za kawaida zimejaribiwa na hazikufaulu. Kibali kikitoka, askari lazima apande juu ya paa ahakikishe nani ameshika simu ya umma, kwa sababu mazungumzo ya mpita njia hayaruhusiwi kusikilizwa. Wauzaji nao wana msimbo wao wa siri kwenye peja, kifaa kidogo cha kupokea namba za simu: kila tarakimu inaruka juu ya 5 iliyo katikati ya vibonyezo vya simu. 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, na 5 inabadilishana na 0. Rahisi kiasi kwamba kijana asiyemaliza shule anaikumbuka, na ngumu kiasi kwamba polisi wanaipotezea muda. Hakuna aliyeandika "kisa cha kweli" kwenye kasha hilo, ndiyo maana linakaa na vumbi.

Kipimo changu ni hiki, na ninamsihi kila mteja akitumie. Tazama sehemu ya kwanza ukiwa na kalamu. Andika kila kitu ambacho mhusika amelazimika kuomba: ruhusa, gari, saini, betri, siku moja zaidi. Vikifika vitano, endelea, umepata. Ukikuta ukurasa mweupe, umenunua mapigano, hata kama kasha limejaa majina ya marehemu.

Dhana: ikienda polepole, imeharibika. Hii inaumiza zaidi ikitoka Goma, ambako watu wanajua kwamba usiku wa vita sehemu kubwa yake ni kukaa chini na kusikiliza. Generation Kill (2008, sehemu 7) inafuata kikosi cha Marekani kikiingia Iraki mwaka 2003, na kwa muda mrefu askari wanangoja amri, wanabishana redioni, wanatafuta betri za darubini za usiku na mafuta ya bunduki. Rudy Reyes, mmoja wa askari waliokuwa huko, anaigiza nafasi yake mwenyewe. Anayeirudisha baada ya sehemu moja hajaitazama. Zipe tamthilia za namna hii sehemu nne.

Dhana: jasusi ni mtu wa bastola na magari ya mbio. Jasusi akitoa bastola, kazi yake imeshaharibika. Anza na Le Bureau des légendes (misimu 5, sehemu 50, 2015 hadi 2020), ya majasusi wa Ufaransa. "Légende" ni maisha ya bandia: jina, kazi, marafiki, hata tabia ya kula. Kosa la mhusika mkuu ni dogo: amerudi Paris baada ya miaka sita Syria, na hataki kuliacha jina la uongo kwa sababu ya mwanamke. Kila balaa linatokana na hapo. Msichana mwingine anaandaliwa kuingia Iran kama mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, na lazima aijue kazi hiyo kweli mbele ya wataalamu wenzake. Mtu anayeishi chini ya volkano ya Nyiragongo anaelewa upesi kwamba hilo haliigizwi kwa siku mbili.

Na wanaosema kwamba mwandishi akiwa jasusi mstaafu kila kitu ni kweli: Joe Weisberg, mwandishi wa The Americans (2013 hadi 2018), ya mke na mume majasusi wa Kisovieti wanaoishi Marekani kwa majina ya uongo, alifanya kazi CIA, na hiyo hiyo ilimlazimu kupeleka maandishi yake CIA yakaguliwe. Majasusi 10 wa Urusi waliokamatwa Marekani mwaka 2010, ambao habari yao ndiyo iliyochochea tamthilia hiyo, hawakushtakiwa kwa mauaji hata moja. Walibadilishwa na wafungwa wengine huko Vienna. Katika tamthilia, ndoa ya wale wawili ndiyo sehemu halisi, miili inayorundikana siyo.

Mengine kwa ufupi. Kizuia sauti hakigeuzi bunduki kuwa kikohozi: mlio wa takriban desibeli 160 unapungua kwa 30 hivi, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado inapasua hewa. Pini ya guruneti haing'olewi kwa meno. Mpelelezi hahitaji kumshikilia mtu kwenye simu dakika nzima ili apate namba yake, mtandao unaijua tangu simu inapoita. Ila mnara unaonyesha eneo, hauonyeshi chumba.

Dhana: polisi wote wanafanya kazi kama wa Marekani. Anayetaka kitu kinachofanana na OPJ (afisa wa upelelezi), PV (hati ya maelezo) na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) tunavyovijua hapa Kongo, achukue Engrenages ya Ufaransa (misimu 8, 2005 hadi 2020). Saa za garde à vue, yaani kushikiliwa polisi, zinahesabiwa kweli humo: 24, kisha mtu anatakiwa aombe nyingine 24. Kwetu Katiba, kifungu cha 18, inasema zisizidi 48. Tofauti kubwa ni juge d'instruction wa Kifaransa, jaji anayeongoza upelelezi: hapa kazi hiyo iko mikononi mwa magistrat wa parke.

Mwisho, VF, yaani sauti iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Usinunue Gomorra (2014 hadi 2021), ya wahalifu wa Napoli, Italia, kwa sauti ya Kifaransa. Wahusika wanazungumza lahaja ya Napoli, nzito kiasi kwamba hata Italia iliwekewa maandishi chini. Anayebadili lugha pale anatangaza cheo, woga au dharau, na VF inafuta vyote vitatu. Omba VOST, yaani sauti ya asili yenye maandishi chini, sogeza kiti karibu na skrini, usome.