Kumhudumia mzee mwenye demensia (hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri): maswali na majibu

Kila nikimwogesha ananipiga. Ananichukia?

Hapana, anaogopa. Kwake, mtu asiyemjua ameingia chumbani na kuanza kumvua nguo. Nani asingejitetea?

Basi anza upya. Bisha hodi. Mjie kwa mbele, uiname hadi macho yenu yawe sawa, umwite kwa jina analolipenda, kisha ujitambulishe hata kama mlionana asubuhi. Sema jambo moja tu: "Tunanawa uso." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: kimya kidogo tu, tunarudia kwa maneno mengine, naye inabidi aanze tena kuyafuata. Hesabu moyoni hadi kumi. Mpe kitambaa chenye maji ya vuguvugu akishike mwenyewe. Mara nyingi mkono hukumbuka njia ya kwenda usoni. Akikataa bado, mwache, urudi baadaye.

Anamuulizia mumewe aliyekwisha fariki. Nimwambie ukweli?

Usimpe msiba mpya kila siku. Wala usimdanganye kuwa yuko njiani. Ifuate hisia: "Umemkumbuka sana. Alikuwa mtu wa namna gani?" Pengine anachotafuta ni mtu wa kukaa naye.

Atasahau tu. Kwa nini nijisumbue?

Atasahau tukio, lakini hisia hubaki. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Baada ya muda mfupi walikumbuka machache sana, wengine hawakukumbuka chochote, ilhali huzuni au furaha iliendelea. Kwa hiyo ukimkaripia saa mbili asubuhi, mwenzako anayeingia zamu huenda akamkuta na kinyongo ambacho mzee mwenyewe hawezi kukieleza.

Je, kumsemesha kitoto kunamtuliza?

Kunamdhalilisha, na huenda akazidi kukataa huduma. Kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo ni vibaya zaidi.

Amebadilika ghafla, ndani ya siku mbili. Ni demensia?

Kwa kawaida demensia haiendi kasi hivyo. Mwarifu muuguzi au daktari siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, maumivu, kufunga choo au dawa mpya. Kagua pia miwani na kifaa chake cha kusikia. Nimewahi kumwona mzee akiitwa mkaidi wiki nzima, kumbe betri ilikuwa imekwisha.