Sindano ya goti: maana yake, aina zake na mipaka yake

Sindano ya goti ni dawa inayoingizwa moja kwa moja ndani ya kiungo cha goti ili kupunguza maumivu, uvimbe au ukakamavu. Neno la kuzingatia hapo ni "ndani". Sindano ya maumivu inayochomwa kwenye kalio huingia katika damu na kusambaa mwili mzima, ilhali hii hupenya ngozi na kifuko kinacholizunguka goti, ikaiacha dawa mle mle panapouma. Kwa kuwa jina ni moja, wengi hudhani kwamba dawa nayo ni moja. Mgonjwa mmoja husema sindano ilimponya, mwingine husema haikumfaa kitu, kumbe hawakuchomwa dawa ya aina moja, wala magoti yao hayakuwa katika hali moja.

Maumivu ya goti huitwa sugu yanapodumu kwa zaidi ya miezi 3, na kwa watu waliovuka umri wa miaka 45 chanzo kikubwa ni osteoathraitisi, ambayo mitaani huelezwa kwamba goti "limesagika" au "limeishiwa ute". Kauli hii ya pili yafaa kusahihishwa mapema, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waikimbilie sindano wakiamini kwamba wanakwenda kujaziwa ute. Goti zima huwa na ute kidogo sana, mililita chache tu, ulio mzito na wenye kuteleza. Goti lililovimba mara nyingi huwa na ute mwingi kuliko kawaida, ila umekuwa mwepesi na umepungukiwa nguvu ya kulainisha. Gegedu lenyewe, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina neva za maumivu. Kinachouma ni utando wa ndani wa kiungo unapowaka, mfupa ulio chini ya gegedu, pamoja na kano na misuli inayolibeba goti. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini dawa inayotuliza utando inaweza kuleta nafuu kubwa bila kulirudisha hata chembe moja ya gegedu lililolika.

Dawa inayotumiwa zaidi ni kotikosteroidi, kwa kifupi steroidi, kundi la dawa zinazofanana na homoni za mwili zinazotuliza uvimbe. Kotisoni, mojawapo ya dawa hizo, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu homoni za kundi hilo. Mwaka 1951 daktari Joseph Hollander wa Marekani alichapisha matokeo ya kuichoma haidrokotisoni, dawa nyingine ya kundi hilo, ndani ya viungo, na tangu hapo njia hiyo haijaachwa. Dawa hii huzima mwako katika utando, uvimbe ukapungua na goti likakunjika kwa urahisi. Nafuu huanza baada ya siku chache, na kwa walio wengi hudumu wiki 4 hadi 6. Wachache huifaidi kwa miezi 3 hivi. Goti lililovimba na kupata joto kwa kawaida ndilo lenye mwako wa kuzimwa.

Hata hivyo, kuirudia rudia dawa hii kuna gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 wenye osteoathraitisi ya goti kwa miaka 2, nusu yao wakichomwa steroidi kila baada ya wiki 12 na nusu wakichomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Mwishoni, waliochomwa steroidi walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa pungufu kuliko ya wenzao. Ndiyo maana madaktari wengi huacha angalau miezi 3 kati ya sindano moja na nyingine, na kwa maoni yangu anayejikuta akihesabu siku hadi sindano ijayo anahitaji kukaa na daktari wake na kuuangalia upya mpango mzima wa tiba.

Aina ya pili ni asidi ya hayaluroniki, ambayo wengi huiita sindano ya jeli. Asidi hii ndiyo inayoupa ute wa asili uzito wake. Hutengenezwa kwa kutumia bakteria au hutolewa katika upanga wa jogoo, na hivyo mwenye mzio wa bidhaa za ndege hana budi kusema mapema. Fikra iliyo nyuma yake inavutia, lakini ushahidi haukuiunga mkono sana. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nafuu yake ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa ni ndogo mno kiasi cha mgonjwa kutoihisi, na mwaka huo huo NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilielekeza kwamba isitolewe kwa ugonjwa huu. Wapo madaktari wanaoendelea kuitumia kwa wagonjwa wasioweza kupewa steroidi.

Ya tatu hutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo huzungushwa kwenye mashine hadi ipatikane plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021, uliohusisha watu 288, haukuona tofauti ya maana kati ya plazma hiyo na maji ya chumvi baada ya mwaka mmoja, iwe kwa maumivu au kwa gegedu. Sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinauzwa kwa ahadi kubwa zaidi na ushahidi mchache zaidi.

Tendo lenyewe huchukua dakika chache. Mgonjwa hulala chali, goti likiwa limenyooshwa au limeegemezwa juu ya taulo iliyokunjwa. Daktari hupapasa ukingo wa pia ya goti, huisukuma pia kidogo upande ili mwanya ufunguke, huweka alama, kisha huisafisha ngozi na kuiacha ikauke. Kama kuna maji mengi, huyavuta kwanza na kuyatazama: yakiwa ya manjano yanayopenya mwanga, huendelea, yakiwa na ukungu au usaha, steroidi haichomwi, na maji hupelekwa maabara kutafuta maambukizi. Ncha ikiwa mahali pake dawa huingia bila ukinzani, na bomba likigoma daktari hujua kwamba hajaufikia uwazi wa kiungo. Mara nyingi dawa huchanganywa na ganzi, kwa hiyo mgonjwa huondoka akitembea vizuri, na jioni ganzi ikiisha maumivu hurudi kabla steroidi haijaanza kazi. Wengi hukata tamaa usiku huo, ilhali sindano haijashindwa.

Maumivu yanaweza hata kuzidi kwa siku moja hadi tatu, kisha yakatulia kwa barafu na mapumziko. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa na aipime mara kwa mara zaidi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya sindano. Ngozi inaweza kupauka au kubonyea mahali ilipochomwa. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra, lakini ni hatari: goti likizidi kuuma badala ya kutulia, likawa jekundu na la moto, au homa ikaingia, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.

Thamani kubwa ya sindano imo katika zile wiki za nafuu. Misuli ya mbele ya paja hunywea mtu anapoliogopa goti lake, na goti lisilo na misuli huuma zaidi. Nafuu humpa nafasi ya kuuvunja mzunguko huo. Mtu hukaa kitini, hunyoosha mguu mmoja hadi goti likanyooka kabisa, huubana msuli wa paja kwa kuhesabu hadi kumi, kisha huushusha polepole, na baada ya siku kadhaa huanza kujizoeza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Utafiti wa mwaka 2020 uliowahusisha watu 156 ulionyesha kwamba waliopewa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na viungo, walikuwa na maumivu na ulemavu mdogo baada ya mwaka mmoja kuliko waliochomwa steroidi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua.

Goti likifika mahali pa kubadilishwa kwa upasuaji, sindano hupoteza nafasi yake, kwa sababu steroidi iliyochomwa ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi katika goti jipya. Anayesubiri tarehe ya upasuaji na kuteseka kwa maumivu amweleze hivyo daktari wa mifupa kabla ya kukubali sindano nyingine, hata ikitolewa na daktari mwingine.