Unaposema "leo huna akili", unachotaka kusema ni umakini

Juzi nimesikia tena. Mtoto anafanya hesabu na dada yake mkubwa, jana jioni 7 mara 8 kaijibu chap bila hata kuwaza, leo kaulizwa ileile kasema 54, dada mtu akamwambia "wewe leo huna akili kabisa." Mtoto akainamia daftari na toka hapo hakujibu kitu tena kwa sauti. Hili neno nimelisikia mara nyingi mno, na watu wazima wanajiambia wenyewe pia, kwa hiyo niliseme mara moja.

Maana ni fupi tu. Akili ni uwezo ulionao wa kuelewa, kukumbuka, kupima mambo. Umakini ni kiasi gani cha huo uwezo kiko kazini sekunde hii. Huo wa kwanza hauyeyuki kati ya jana jioni na leo asubuhi, wa pili unaweza kukutoka kati ya mstari huu na unaofuata, ukarudi kabla hujajua kama uliondoka.

Sasa tatizo letu tunalitumia "akili" kwa vyote viwili. Akili imegoma, akili imeruka, sina akili leo. Na tuna methali yetu, akili ni nywele kila mtu ana zake, methali nzuri ila inatuzoesha kuiona akili kama mali, unayo au huna, basi mtu akikosea kitu anachokijua tunasema hana. Wakati neno lenyewe lilikotoka halikuwa hivyo. Tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake huko ni wa kufunga, yaani ngamia akishalala chini unakunja mguu wake wa mbele unaufunga kamba asitoroke, na kamba yenyewe inaitwa ikali, mzizi uleule mmoja na akili. Fikiria hiyo picha vizuri. Kamba inakazwa na inalegea, ngamia akikata kamba anatangatanga lakini bado ni ngamia wako. Mi naona hapo neno la kale lilikuwa limeona jambo ambalo sisi tumelisahau.

Makini nalo limetoka hukohuko, maana yake imara, aliyekaa mahali pake asitikisike, na ni ndugu wa "yamkini". Kamusi zetu za zamani zinalieleza kwa utulivu. Siku hizi tumeligeuza sifa ya tabia, "yule ni mtu makini", kwa hiyo umakini ukimtoka mtu dakika moja tunamhesabia kwamba hajali. Hilo linaniuma kuliko hata la akili, kwa sababu kutoka na kurudi ndo hali ya kawaida ya umakini wa kila mtu, hodari na asiye hodari.

Jaribu mwenyewe. Chukua saa inayopiga tik tik, isogeze mbali mpaka uisikie kwa shida, halafu tulia uisikilize. Utaisikia, itapotea, itarudi, na saa haijasimama hata mara moja. Viktor Urbantschitsch, daktari wa masikio wa Vienna, aliliandika hilo mwaka 1875, na mwaka 1888 Nikolai Lange aliyefanya kazi kwenye maabara ya saikolojia ya Wilhelm Wundt kule Leipzig akasema kinachopanda na kushuka ni umakini wenyewe. Ubishi kama ni sikio au ni umakini haukuishia hapo, ila mwaka 1931 mwanasaikolojia Mmarekani Arthur Bills alionyesha kitu ambacho hakina sikio ndani yake. Aliwapa watu kazi nyepesi za kurudiarudia, kutaja rangi, kujumlisha namba, mfululizo bila kupumzika. Wote walikuwa wanakwama kidogo, kama mara 3 kwa dakika, sekunde chache hakuna jibu kisha wanaendelea, wakichoka wanakwama zaidi, wakishazoea kazi kukwama kunapungua. Na makosa yalikuwa yanajazana pale pale kwenye kukwama. Hiyo ndo 54 ya yule mtoto. Ukimwangalia wakati anaandika utaiona kabisa, penseli inasimama, macho yako kwenye karatasi lakini hayasogei, halafu mkono unaandika namba ya jirani.

Kwa nini inatokea, sababu ni nyingi na zinapishana. Kwenye shina la ubongo kuna kidoa kidogo cha rangi ya samawati kinachomwaga noradrenalini, kemikali ya kuuamsha ubongo, karibu ubongo mzima, ikiwa chini unazubaa, ikizidi unarukaruka kila sauti inakuvuta, unafanya vizuri pale katikati, ndo maana mtu aliyetishwa anakosea hata anachokijua. Halafu kuna usingizi, ukikosa wa kutosha sio kwamba unakuwa mzito muda wote, hapana, unafanya sawa sawa halafu ghafla unapotea sekunde kadhaa, na hizo sekunde huzioni mwenyewe. Kuna saa ya mwili, ule mchana unaolegea upo hata kwa ambaye hajala kitu, na zile dakika za kwanza baada ya kuamka ambazo ubongo bado haujawaka wote. Kuna wasiwasi, ambao unakaa kwenye nafasi ileile ndogo unayoshikia namba wakati unahesabu. Na kuna urefu wa kazi yenyewe, mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alieleza jinsi alivyowakalisha watu wakitazama mshale kama wa saa unaoruka hatua kwa hatua, wabonyeze kitufe kila ukiruka hatua mbili kwa mpigo, na ndani ya nusu saa ya kwanza tu walishaanza kupitwa. Macho yao yalikuwa mazima na kazi walikuwa wanaijua.

Kwa hiyo mtu akikosa leo alichokijua jana, mwambie umepotea kidogo hapo, rudia. Kama neno akili limekukaa mdomoni basi sema akili haijatulia, hilo sina ugomvi nalo hata kidogo, maana kinachotulia kipo. Ila "huna akili", dada yangu, hapo umetaja kitu kingine kabisa, na mtoto kakuelewa hivyohivyo ulivyosema.