Maswali na Majibu: Kulima na Kupika Kiasili Bila Kujiletea Maradhi

Anayeanza kulima mboga zake na kuacha dawa za viwandani huuliza kwanza kuhusu wadudu na mavuno. Maswali ya afya huja baadaye, mara nyingi baada ya mtu nyumbani kuharisha. Haya hapa ndiyo yanayojirudia zaidi.

Mboga za kilimo hai hazipuliziwi dawa kabisa?

Si lazima. Kilimo hai kinakataza viuatilifu vingi vya viwandani, lakini kinaruhusu baadhi ya vile vinavyotokana na madini, mimea au bakteria: salfa, misombo ya shaba, pareto, spinosadi. Navyo vina madhara yake. Shaba ikipuliziwa mwaka hadi mwaka hulundikana kwenye udongo na kudhuru nyungunyungu, na pareto haichagui kati ya nyuki na mdudu mharibifu.

Lililo kweli ni kwamba mabaki ya viuatilifu kwenye mazao ya kilimo hai kwa kawaida huwa machache. Kwa upande wa virutubisho tofauti ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na anayepunguza mboga kwa sababu tu hakupata za kilimo hai amejipunja.

Mboga zioshwe kwa kitu gani: chumvi, siki au sabuni?

Kazi kubwa hufanywa na maji safi na mkono unaosugua. Majani kama spinachi na letasi yabandue moja moja, kwa sababu uchafu hujificha pale yanapobanana kwenye shina. Yatumbukize kwenye beseni, yachezeshe, kisha yanyanyue na kuyaweka pembeni kabla ya kumwaga maji. Ukimwaga beseni likiwa na mboga ndani, mchanga uliotua chini unarudi majanini. Badilisha maji hadi chini ya beseni pasibaki chembe, malizia kwa maji yanayotiririka.

Chumvi huwatoa viwavi waliojificha, basi. Siki hupunguza bakteria bila kuwamaliza. Sabuni usitumie, kwani matunda na majani huifyonza. Bekingi soda ina hoja: katika jaribio la Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, lililochapishwa mwaka 2017, matofaa yaliyolowekwa kwenye gramu 10 za bekingi soda kwa lita 1 ya maji yalitokwa na mabaki ya viuatilifu viwili vilivyokuwa juu ya ganda baada ya dakika 12 hadi 15. Sehemu iliyokwisha kupenya ndani ilibaki. Kumenya ndiko kunakoiondoa, ingawa unatupa na nyuzinyuzi.

Nyanya zina jambo lao. Nyanya yenye joto la jua ikitiwa kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na tunda huvuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na bakteria waliomo. Iache ipoe kivulini kwanza, au tumia maji yenye joto kidogo kuliko tunda lenyewe.

Naweza kuweka samadi mbichi bustanini?

Unaweza, mradi uhesabu siku. Samadi mbichi ya ng'ombe, mbuzi au kuku inaweza kubeba bakteria kama *Salmonella*, *Listeria* na aina hatari za *E. coli*, pamoja na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo hadi kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusa ardhi, na siku 90 kwa zao lisilogusa. Karoti, figili, letasi na stroberi ziko kundi la kwanza. Mahindi yako la pili.

Sasa angalia letasi inayovunwa kati ya siku 45 na 60. Samadi ukiiweka siku ya kupanda, utavuna muda ukiwa nusu tu. Kwa hiyo samadi mbichi iwekwe msimu mmoja kabla, ichanganywe na udongo, na zao la kwanza kupandwa hapo liwe la kukaa muda mrefu au la kuzaa juu. Kuimwagia samadi ya maji mboga ya majani inayosubiri kuvunwa ni kosa la kawaida, nalo ni baya kuliko yote.

Kinyesi cha mbwa, paka na binadamu kisikaribie bustani ya mboga, kiwe kibichi au kimeozeshwa nyumbani. Cha paka kinaweza kubeba kimelea cha toksoplazma, ambacho ni hatari kwa mjamzito na mimba yake.

Mboji yangu imekuwa nyeusi na haina harufu. Ina maana imeiva na ni salama?

Imeiva kwa mimea. Kwa usalama wa anayekula, rangi na harufu havithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni joto. Vijidudu hufa lundo linapofika nyuzi joto 55 za Selsiasi au zaidi na kukaa hapo. Kwa lundo la wazi, kanuni hizo hizo za Marekani zinadai siku 15 za joto hilo na kugeuza angalau mara 5. Kugeuza kuna sababu: joto liko katikati, na ganda la nje, ambako samadi na vijidudu vyake vimepoa, halipati kitu mpaka lihamishiwe ndani.

Ili lundo lichemke, lipe ukubwa wa angalau mita 1 kila upande. Changanya vitu vikavu (majani makavu, mabua, maranda ya mbao isiyotiwa dawa) ndoo 2 hadi 3 kwa kila ndoo 1 ya vibichi (mabaki ya mboga, nyasi mbichi, samadi). Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa: ukifinya konzi moja, yatoke matone mawili matatu. Pima kwa kipimajoto chenye mti mrefu unaofika katikati. Mkono unahisi joto, lakini hauwezi kutofautisha nyuzi 45 na 55.

Likikataa kuchemka, ama ni dogo, ama limekauka, ama vikavu vimezidi. Likitoa harufu kali ya amonia, vibichi vimezidi. Harufu ya yai viza ni ya lundo lililolowa na kukosa hewa. Ligeuze na uongeze mabua.

Ukweli ni kwamba malundo mengi ya nyumbani, yanayoongezwa ganda la ndizi leo na majani ya chai kesho, hayafiki joto hilo hata siku moja. Si tatizo, maadamu hayana samadi. Yakiwa nayo, yahesabu kama samadi mbichi na ufuate zile siku 90 na 120. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia usitie, yanaita panya.

Nyanya zimejikunja majani baada ya kuweka samadi. Ni ugonjwa?

Pengine ni virusi, lakini iwapo maharage jirani nayo yamejikunja, fikiria dawa ya kuua magugu. Kuna dawa za malishoni, mojawapo aminopiralidi, ambazo mnyama hula pamoja na nyasi, zikapita tumboni, zikatoka na samadi zikiwa bado na nguvu ya kuharibu nyanya, maharage na viazi. Lundo la mboji nalo haliziozeshi haraka.

Jaribu kabla ya kutumia. Chukua vyungu vidogo 6. Vitatu vitie mchanganyiko wa samadi au mboji hiyo na udongo safi, nusu kwa nusu, na vitatu udongo safi peke yake. Panda mbegu 3 za maharage katika kila kimoja na usubiri wiki 3. Tazama majani mapya. Yakitoka yamejikunja kwa juu mithili ya kikombe kwenye vyungu vya samadi tu, mzigo huo usiingie bustanini.

Dawa gani ya wadudu naweza kutengeneza mwenyewe?

Kwa vidukari na inzi weupe, anza na maji ya sabuni: mililita 10 hadi 20 za sabuni ya maji isiyo na manukato kwa lita 1 ya maji. Inaua inapomgusa mdudu ikiwa bado mbichi, na ikishakauka haina kazi. Hivyo pulizia chini ya majani, walipo wadudu wenyewe. Jaribu majani machache kwanza ungoje siku 2. Ukipulizia jua kali, majani yataungua.

Mbegu za muarobaini zina nguvu zaidi. Menya, chukua gramu 50 za viini, ponda, loweka usiku kucha kwenye lita 1 ya maji, chuja kwa kitambaa na upulizie jioni siku hiyo hiyo, maana jua huimaliza haraka. Usitarajie wadudu wadondoke hapo hapo. Inawazuia kula na kukua, na matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Mafuta ya muarobaini yamewahi kuwapa sumu watoto wachanga walionyweshwa, basi chupa iandikwe jina na iwekwe mbali nao.

Maji ya tumbaku achana nayo. Nikotini ni sumu kali inayopenya kwenye ngozi ya anayepulizia, na tumbaku inaweza kuwapa nyanya na pilipili virusi vya batobato.

Udongo wangu hauna kemikali yoyote. Kuna cha kuhofia?

Kama bustani iko kando ya ukuta wenye rangi ya zamani, barabara yenye magari mengi, au mahali palipochomwa taka na betri, kuna madini ya risasi ya kuhofia, na hayaozi. Mengi humfikia mtu kupitia vumbi: mikononi mwa watoto, kwenye majani ya chini, kwenye maganda ya mizizi. Pima udongo maabara. Wakati ukisubiri majibu, panda kwenye tuta la kuinuliwa la sentimita 30 lenye udongo kutoka kwingine, funika ardhi kwa matandazo, menya mazao ya mizizi, na chagua mboga za matunda kama nyanya na biringanya, ambazo hubeba risasi kidogo kuliko majani na mizizi. Mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumike kuzungushia tuta; nyingine zina aseniki.

Nimevuna maharage mekundu na viazi. Kuna tahadhari jikoni?

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini inayoweza kukutapisha ndani ya saa 1 hadi 3, hata kwa punje 4 au 5. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha yakitokota kwa nguvu dakika 10 hadi 30, ndipo upunguze moto hadi yaive. Chungu cha umeme cha kupikia polepole kinaweza kukosa kufika mchemko, na joto la nyuzi 80 huweza kuongeza makali ya sumu hiyo badala ya kuyapunguza.

Viazi vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuongeza sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Vihifadhi gizani. Chenye kijani kidogo, kata sehemu hiyo na machipukizi kwa kina. Kichungu mdomoni, tupa.

Kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, nikikiweka kabatini kitadumu kwa muda gani?

Usikiweke kabatini hata siku moja. Kitunguu saumu hutoka ardhini na mbegu (chembe sugu zinazolala) za bakteria aitwaye *Clostridium botulinum*, anayestawi mahali pasipo hewa, pasipo asidi na penye joto la chumbani. Chupa ya mafuta inampa yote matatu. Sumu yake hupoozesha misuli, hata ya kupumulia, na chakula hakibadiliki harufu wala rangi kukuonya. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, kitunguu saumu cha aina hiyo mkahawani kiliwapa watu wengi ugonjwa huu.

Tengeneza kidogo, weka kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini, tumia ndani ya siku 4, kilichobaki gandisha. Majani mabichi ya rihani na pilipili mbichi ndani ya mafuta yana hatari ile ile. Mtu akianza kuona viwili viwili, kope kulegea au kushindwa kumeza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa sababu ya bakteria huyo huyo, mtoto chini ya miezi 12 hapewi asali, hata kwenye uji wa moto. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Zinahitaji nyuzi 121, joto la chombo cha mvuke wa shinikizo.

Siki na bekingi soda vinatosha kusafishia nyumba?

Kila kimoja peke yake kinasaidia: siki kwa ukoko wa chokaa kwenye birika, bekingi soda kwa kusugua grisi. Ukivichanganya vinapendeza kwa povu, kisha vinauana. Kinachobaki ni karibu maji yenye chumvi kidogo. Ubao uliokatiwa kuku mbichi uoshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha dawa ya klorini kwa vipimo vya lebo. Siki isikutane na klorini kamwe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ikitokea, toka nje, acha milango wazi.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Bustani imeanza kunipa spinachi nyingi, nile?

Kula, ila kiasi kisipande na kushuka. Mboga za kijani iliyokolea zina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Ukizidisha ghafla damu huganda kirahisi, ukiacha ghafla huwa nyepesi kupita kiasi. Mwambie daktari kabla ya kubadilisha mlo ili kipimo cha INR, kinachoonyesha kasi ya damu kuganda, kirudiwe mapema. Mwambie pia kuhusu vidonge vya kitunguu saumu na chai za mitishamba, hata kama hakuuliza.