Pamba ya Mwanza: jineri siyo mwisho wa safari

Ukimuuliza mkulima wa Magu au Kwimba pamba yake inaenda wapi atakwambia jineri, basi. Ila jineri haifumi kitambaa jamani, kazi yake ni kutoa mbegu tu. Jaribu mwenyewe, shika pamba mbegu kiganjani uvute mbegu kwa vidole, nyuzi zimeng'ang'ania balaa, na ukimaliza utakuta uzito mwingi ulikuwa mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja hivi.

Sasa kwa nini sisi wa idara ya nguo tunaanzia hapo? Kwa sababu historia ya viwanda vya nguo ni hiyo hiyo, ukiharakisha hatua moja, ile ya jirani yake inazidiwa. Uingereza mwaka 1733 John Kay alibuni chombo cha kurusha mshindio (uzi unaopita kukingama kwenye kitambaa), mfumaji akawa fasta, wasokotaji (wengi wanawake majumbani) wakashindwa kumlisha uzi. Ndo zikaja mashine za kusokota za Hargreaves na Arkwright miaka ya 1760, uzi ukajaa, kisha 1785 Cartwright akaleta mtambo wa kufuma. Ikabaki njaa ya pamba yenyewe! Marekani, Whitney na mashine yake ya kuchambua pamba, yaani kutoa mbegu, ya 1793 alirahisisha kazi, ila mashamba yakatanuka na watumwa wakaongezeka, hapo watu wengi huwa hawapafikirii.

Njaa hiyo ikafika mpaka kwetu ziwani. Wanyamwezi walikuwa wanafuma nguo zao za pamba, kisha misafara ikaleta merikani (vitambaa vya pamba kutoka Marekani) za bei poa na ufumaji ukafifia. Mkoloni naye akahimiza kilimo cha pamba lakini viwanda vikabaki kwao, hapa yakajengwa majineri. Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, ilikuja baada ya uhuru.

Mpaka leo nyuzi nyingi tunauza nje kwa marobota, mbegu ndo inabaki, inakamuliwa mafuta na mashudu wanakula ng'ombe.

Na mkulima, tafadhali, usivunie kwenye viroba vya plastiki, tumia mfuko wa kitambaa. Ule uzi wa kiroba ukichomoka ukaingia kwenye pamba, jineri haiutoi, unasokotwa humo humo, unafumwa, halafu kitambaa kikipakwa rangi wenyewe haukamati, linabaki doa, na mnunuzi akishaona madoa mara mbili tatu anashusha bei ya pamba ya ukanda mzima.