Vinundu vyenye maumivu kwa mgonjwa wa ukoma: rudi kituoni, usitupe dawa

Anayeanza dawa za ukoma hutarajia mabaka yafifie, na kwa wengi huwa hivyo. Wapo lakini ambao, wakiwa katikati ya dozi ya miezi 12, hupata homa, viungo kuuma, na vinundu mikononi, miguuni na usoni vinavyouma hata vikiguswa na shuka. Hapo ndipo vidonge hutupwa, kwa kuwa nyumbani wameshaamua kuwa dawa zimemdhuru au amerogwa.

Dawa zimefanya kazi yake. Rifampisini, dapsoni na klofazimini huua bakteria, ila mabaki yao hubaki kwenye ngozi na mishipa ya fahamu, na kinga ya mwili huyashambulia. Hali hii huwapata zaidi waliokuwa na bakteria wengi, na inaweza kuja hata miaka kadhaa baada ya dozi kwisha.

Katika ngozi nyeusi, wekundu unaoelezwa vitabuni hauonekani kirahisi. Mimi huamini vidole vyangu zaidi: navipitisha taratibu nyuma ya mkono na kwenye paja, nikitafuta kinundu kigumu chenye joto kuliko ngozi ya jirani. Nikikigusa, mgonjwa hushtuka. Kisha nauliza kuhusu macho na, kwa wanaume, korodani, maana navyo hushambuliwa.

Wengine hawapati vinundu. Mabaka yao ya zamani huvimba ghafla na mkono au mguu ukaanza kulegea. Hao wasingoje hata wiki. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, ikianzishwa mapema na daktari huweza kuokoa mshipa wa fahamu. Tafadhali msiinunue dukani. Dozi yake hupunguzwa kidogo kidogo, kwa uangalizi.

Ngozi kuwa nyeusi zaidi na kukauka ni kwa sababu ya klofazimini, na hupungua polepole baada ya dozi kwisha. Upele mwili mzima pamoja na homa na macho ya njano ni jambo jingine kabisa: huenda mwili umeikataa dapsoni. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na vidonge vyako, daktari aamue kipi kisimamishwe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kidonda cha unyayo kilichokaa miaka mingi. Kikianza kuota nyama kama ua la koliflawa, kutoa harufu kali na kuvuja damu, huenda kimegeuka saratani. Kubadilisha bandeji tu hakutoshi. Ikatwe sampuli ya nyama ipelekwe maabara.