Je, wajua kwa nini mfupa wa nyonga unaweza kufa huku mtu bado anatembea nao?

Mdogo wangu ana sikoseli. Alipokuwa kidato cha pili akaanza kulalamika goti la kulia, mama akawa anamchua kila jioni, tukampeleka hospitali wakapiga eksirei ya goti, goti safi halina kitu, tukarudi na dawa za maumivu. Miezi ikapita mtoto anachechemea. Kumbe goti la watu halina kosa, ugonjwa uko juu kwenye nyonga! Neva zinazobeba maumivu ya nyonga zinahudumia na goti pia, kwa hiyo mtu anaumwa huku anashika kule.

Sasa mfupa unakufaje? Tunauona kama jiwe lakini ni kitu hai, unakula damu kama nyama tu. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kimekaa ndani ya nyonga kama mchi kwenye kinu, na damu yake inakuja na vimishipa vichache vyembamba vinavyopanda kwenye shingo ya mfupa, vikiziba hakuna njia nyingine ya maana. Kwa mwenye sikoseli zile seli nyekundu za damu zilizojikunja kama mundu ndo zinaziba. Kwenye ajali, shingo ya paja ikivunjika au nyonga ikichomoka vimishipa vinakatika, ndo maana nyonga iliyochomoka inatakiwa irudishwe haraka, yasizidi masaa 6. Pombe nyingi kwa miaka nayo inaleta, pia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa dozi kubwa muda mrefu (ila kama umeandikiwa usiziache ghafla, ni hatari, ongea na daktari wako kwanza).

Kinachonishangaza mimi ni hiki, mfupa ukifa haubomoki siku hiyo. Unasimama kama mti uliokauka. Shida inaanza mwili ukitaka kuukarabati, maana seli zinazobomoa zinaula ule mfupa mfu haraka kuliko zinazojenga zinavyoweka mpya, basi unakuwa dhaifu, uzito wa mwili unaukandamiza mpaka unabonyea na ule uduara unapotea. Hapo nyonga inasagika kila hatua. Kutoka kufa hadi kubonyea inaweza kupita miezi au hata miaka, na mwanzoni hata eksirei ya nyonga yenyewe inaweza kutoka safi, kipimo kinachoona mapema ni MRI.

Dalili kubwa ni maumivu ya kinena ukikanyaga, na nyonga kugoma kuzunguka. Mdogo wangu alianza kukwepa mkeka, kila tukikaa kula anaomba stuli, na sisi tukaona anadeka. Inaniuma mpaka leo.

Matibabu yanategemea umewahi au umechelewa. Kabla haujabonyea kuna magongo ya kupunguza uzito, dawa za maumivu, mazoezi ya viungo, na upasuaji wa kutoboa: wanapitisha tundu kutoka ubavuni mwa paja hadi ndani ya kile kichwa, presha ya ndani inashuka, damu mpya inapata pa kuingilia. Sio kila mtu inamsaidia lakini ikifanyika mapema ina nafasi nzuri zaidi. Ukishabonyea sana, dawa ni nyonga bandia, na huduma hiyo ipo hapahapa Tanzania, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaifanya. Inadumu miaka 15, 20 na zaidi, kwa hiyo kijana anaweza kuja kubadilishiwa tena mbele ya safari. Mwenye sikoseli lazima aandaliwe vizuri kabla ya kisu, damu iangaliwe, apewe maji ya kutosha, asipigwe na baridi.

Mdogo wangu alitobolewa nyonga ya kulia. Ila MRI ileile ilionyesha na ya kushoto imeshaanza, na haikuwahi kumuuma hata siku moja. Sasa hivi yuko kwenye haidroksiyurea (dawa ya sikoseli), anatembelea magongo, tunafuatilia zote mbili, na stuli yake iko pale sebuleni hakuna anayeigusa.